Kitambaa cha moto au chupa ya matone? Kuchagua tiba ya macho makavu yanayosababishwa na tezi za mafuta za kope

Mwezi wa nane, upepo unapoinua vumbi jekundu barabarani na moshi wa majani yanayochomwa pembezoni mwa mji unapolala juu ya mapaa ya Katuba na Ruashi, si vigumu kumpata Lubumbashi mtu anayesugua macho. Hununua chupa ya matone katika farmasi iliyo karibu, hutia, hupata nafuu ya nusu saa, kisha hutia tena. Mimi nilifanya hivyo kwa misimu miwili ya ukavu, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi usiku kwa taa ya betri, na macho yangu hayakuacha kuwaka. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa, mwenye fedha ya kununua kitu kimoja au viwili tu, anayetaka kujua aanze na kipi.

Swali la tiba haliwezi kujibiwa kabla ya kujua ni ukavu wa aina gani. Machozi si maji matupu. Chini kabisa kuna ute unaoshikana na jicho, katikati kuna maji, na juu kuna utando mwembamba wa mafuta, kama ule unaoonekana juu ya mchuzi wa kuku uliotulia. Mafuta hayo hutoka katika tezi zilizojipanga ndani ya kope, takriban 25 hadi 40 katika kope ya juu na 20 hadi 30 katika kope ya chini, kila moja ikiwa na tundu lake dogo ukingoni, nyuma tu ya nywele za kope. Daktari Mjerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na hadi leo madaktari huziita kwa jina lake. Kazi ya mafuta ni kuyafunika maji yasinyonywe na hewa. Mafuta yanapoganda ndani ya tezi, tundu huziba, utando hukatika, na maji hukauka kabla mtu hajapepesa tena. Ndiyo sababu mtu anaweza kutiririkwa na machozi barabarani na bado akaambiwa kwamba macho yake ni makavu: jicho lililokauka huuma, mwili humwaga maji kwa dharura, lakini maji yasiyo na mafuta juu yake hayakai.

Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, anauza makala (makaa ya kupikia) katika soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, na malalamiko yake yalikuwa yaleyale ya kwangu: mchanga machoni, kuwaka, kuona ukungu unaoondoka ukipepesa. Tulikwenda pamoja kwa daktari wa macho, tukapimwa siku moja kwa vipimo vilevile, na majibu yakatofautiana kabisa. Daktari alianza kwa kuning'iniza kikaratasi chembamba katika ukingo wa kope ya chini kwa dakika 5, ili kuona machozi yanalowesha milimita ngapi. Cha kwangu kililowa milimita 18, ambacho ni kiwango kizuri. Cha yaya kilifika milimita 4, na chini ya 5 huhesabiwa kuwa ukavu mkubwa wa maji. Kisha alitugusisha rangi ya manjano jichoni, akatuambia tusipepese, akatazama kwa mwanga wa bluu ahesabu sekunde hadi utando wa machozi upasuke. Chini ya sekunde 10 si kawaida. Wangu ulipasuka kwenye sekunde ya 3.

Halafu akaibonyeza kope yangu ya chini kwa kidole, akanionyesha katika kioo kilichotokea. Kutoka katika tezi nzima hutoka tone angavu, kama mafuta ya kupikia. Kutoka katika zangu, baada ya kubonyezwa kwa nguvu zaidi, kulitoka uzi mfupi mweupe mzito, kama dawa ya meno inayotoka katika tubu inayokaribia kwisha, na tezi kadhaa hazikutoa kitu chochote. Kuanzia siku hiyo nilielewa kwa nini chupa zote nilizonunua hazikufika penye shida. Nilikuwa nikiongeza maji juu ya jicho ambalo halikupungukiwa na maji.

Ukavu wa yaya ulikuwa na sababu nyingine. Kwa miezi mingi alikuwa akimeza vidonge vya mafua na mzio kwa sababu ya vumbi la makala, na vidonge vingi vya aina hiyo hupunguza machozi. Daktari alimwambia: «Mama, pua inapona huku macho yanakauka.» Kwake yeye matone yalikuwa chaguo la kwanza, pamoja na kubadilisha dawa ya mzio. Kwangu mimi matone yalipaswa kuwa la pili. Katika uchaguzi huu wote, jambo ambalo ningependa msomaji alishike ni hilo: watu wawili wa nyumba moja, wenye malalamiko yaleyale, wanaweza kuhitaji mambo mawili tofauti.

Asiye na daktari karibu anaweza kutazama ishara, ingawa ishara hazichukui nafasi ya kipimo. Ukavu wa mafuta mara nyingi huja na kingo za kope zilizo nyekundu na nene kidogo, magamba au povu jeupe katika pembe ya jicho, na chokea zinazorudi mara kwa mara. Ukavu wa maji huzidi kadiri siku inavyosonga, na baadhi ya wagonjwa huwa pia na kinywa kikavu na maumivu ya viungo, jambo linalomtaka daktari achunguze mwili mzima. Macho ambayo kazi yake kubwa ni kuwasha, hadi mtoto hawezi kuyaacha, kwa kawaida ni ya mzio, na kukanda kwa moto kunaweza kuyafanya yawashe zaidi. Aina hizi huchanganyikana pia, na mtu mwenye tezi zilizoziba anaweza kuwa na upungufu wa maji juu yake.

Sasa tuviweke kitambaa na chupa upande kwa upande, kwa mtu ambaye shida yake ni tezi.

Kiswahili kina neno tayari kwa tiba ya kwanza, nalo ni kukanda. Aliyeteguka mguu hukandwa, mzazi hukandwa, na kope nazo hukandwa, ila kwa mkono mwepesi zaidi. Lengo ni kuyayeyusha mafuta yaliyoganda, na kwa hiyo kope inapaswa kufikia joto la nyuzi 40 hivi na kubaki nalo kwa dakika 5 hadi 10. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto hupoa ndani ya dakika 2 au 3, na mtu anayekiacha usoni kwa dakika 10 amepata dakika 2 za tiba na dakika 8 za unyevu. Mimi huweka maji katika chupa ya chai inayotunza joto, beseni dogo kando, na vitambaa viwili vya pamba vilivyofuliwa. Kimoja kikiwa machoni kingine kiko katika beseni, nami huvibadilisha kila baada ya dakika 2 hivi, nikiongeza maji ya moto kidogo kidogo. Kila kitambaa hugusishwa kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kwa sababu ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yoyote nyingine ya mwili na huungua upesi. Kisichovumilika mkononi hakiendi jichoni.

Wapo wanaotumia mfuko mdogo wa mchele uliopashwa moto, au yai lililochemshwa likafungwa na ganda lake katika kitambaa safi. Vyote viwili hutunza joto kwa muda mrefu kuliko kitambaa chenye maji, na yai lina faida ya kupatikana katika nyumba nyingi. Mchele uliopashwa katika kikaango juu ya mbabula, yaani jiko la makala, siupendekezi, kwa maana punje za chini huwa za moto sana huku za juu zikiwa vuguvugu, na mkono unaopima upande mmoja haujui upande wa pili. Anayemiliki kifaa cha kufunika macho kilichotengenezwa kwa kazi hii, kinachopashwa kwa umeme au katika maikrowevu, amepata joto lililo sawa zaidi, lakini hutegemea umeme, nasi tunajua jinsi umeme unavyokwenda na kurudi.

Joto peke yake halitoshi. Mara baada ya kuondoa kitambaa, kabla mafuta hayajaganda tena, macho yafungwe na kidole safi kipitishwe juu ya kope ya juu kutoka juu kwenda chini, na juu ya kope ya chini kutoka chini kwenda juu, daima kuelekea kwenye nywele, mara 5 hadi 10. Mboni isikandamizwe. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, au mwenye presha ya macho, amuulize daktari wake kwanza. Mwishoni ukingo wa kope hufutwa kwa pamba iliyolowa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yenye tone la shampuu ya watoto, ili kuondoa magamba na mafuta mabovu. Mtu asilale na wanja wala rangi za kope.

Hii hufanywa mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara 1 kwa siku kwa muda mrefu, pengine kwa miaka. Hapo ndipo penye udhaifu wa kitambaa. Gharama yake ni makala kidogo na robo saa, lakini robo saa hiyo ni ya kila siku, na nafuu haiji mara moja. Wiki ya kwanza kwangu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu mafuta yaliyokaa ndani kwa muda mrefu yalikuwa yakitoka na kuyachoma macho. Katika wiki ya tatu nilisahihisha madaftari 40 bila kusimama kuosha uso, na nilipofika la mwisho ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimeyakumbuka macho.

Chupa ya matone, kwa upande wake, hushinda kwa wepesi. Tone moja, nafuu ndani ya dakika, nayo hubebwa mfukoni hadi darasani au sokoni. Machozi ya bandia ya kawaida, yaliyotengenezwa kwa hipromeloza au kwa asidi ya hialuroniki, huongeza maji na kuyafanya yakae kidogo, lakini hayafungui tundu lililoziba. Yapo matone yaliyochanganywa na mafuta, na kwa ukavu wa tezi hayo ndiyo yanayofaa zaidi, ijapokuwa huwa ghali na huleta ukungu kwa muda mfupi. Suala la pili ni dawa ya kuhifadhi iliyomo ndani ya chupa nyingi, hasa kloridi ya benzalkoni, ambayo hulinda chupa dhidi ya vijidudu lakini huudhuru uso wa jicho likitiwa mara nyingi. Anayetia mara 3 kwa siku hana sababu kubwa ya kuogopa. Anayetia zaidi ya mara 4 hadi 6 atafute yasiyo na dawa ya kuhifadhi, hata kama atalipa zaidi. Chupa nyingi zenye dawa hiyo hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, na vichupa vidogo vya matumizi ya siku moja havihifadhiwi hadi kesho, hata kama kumebaki tone.

Kwa hiyo, kwa mwenye tezi zilizoziba na fedha kidogo, hukumu yangu haina kigugumizi: kitambaa kwanza, kila siku, na chupa ya matone ya kawaida kwa saa zile za vumbi na za kusoma. Asiyeweza kupata robo saa kwa siku, kwa mfano mama anayeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, akande usiku tu, lakini asikose usiku; mara moja inayofanyika kila siku ni bora kuliko mara mbili zinazofanyika Jumamosi.

Kuna chupa mbili ambazo hazimo katika ulinganisho huu ila kwa kuonywa. Ya kwanza ni ile inayong'arisha macho mekundu kwa kubana mishipa ya damu: wekundu huondoka kwa saa chache, hurudi ukiwa mwingi zaidi, na ukavu haujaguswa. Ya pili ni matone yenye deksamethasoni au dawa nyingine ya jamii hiyo, ambayo hutuliza uvimbe kwa namna inayomfurahisha mgonjwa kiasi kwamba huinunua tena bila kumwona daktari. Yakitumiwa kwa wiki na miezi bila kupimwa, huweza kupandisha presha ya macho, kuleta mtoto wa jicho, na kuufungulia njia ugonjwa wa vijidudu unaokula kioo cha jicho. Daktari huyaandika kwa siku chache na kwa sababu maalumu. Maji ya limau, utomvu wa majani, mkojo na maziwa ya mama visitiwe jichoni kabisa.

Mwezi mmoja wa kukanda kwa bidii usipoleta nafuu, daktari hupanda ngazi ya pili, ambayo ni dawa za vijidudu. Ajabu yake ni kwamba hapa hazitolewi hasa kwa ajili ya kuua vijidudu, bali kwa sababu hutuliza uvimbe wa kope na kuwazuia vijidudu wa ukingoni wasiyaharibu mafuta. Doksisaiklini, ambayo wengi wanaijua kama kinga ya malaria, humezwa kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Ni ya bei nafuu na husaidia wengi, lakini masharti yake ni mengi: haifai kwa mjamzito wala kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, humezwa kwa glasi nzima ya maji, na mtu asilale kwa nusu saa, la sivyo huchoma koo la chakula, na ngozi huungua kwa jua upesi zaidi, jambo ambalo muuzaji wa sokoni hawezi kulipuuza. Azithromaisini ya kumeza hutumika kwa siku 5 tu, na hilo huwapendeza wasiopenda matibabu marefu, ila mwenye matatizo ya mapigo ya moyo amwambie daktari kwanza. Ipo pia azithromaisini ya kutia jichoni, na marhamu ya tetrasaiklini ya kupaka ukingoni usiku, ambayo huacha ukungu hadi asubuhi. Kati ya hizi mgonjwa asichague mwenyewe. Vidonge vya vijidudu vinavyonunuliwa kwa kukisia huwadhuru hata wasio na ugonjwa wa macho, kwa kuwa huvizoesha vijidudu dawa.

Vidonge vya mafuta ya samaki vilipewa matumaini makubwa kwa miaka mingi. Mwaka 2018 ulitolewa Marekani utafiti uliowafuata watu 535 kwa mwaka mzima. Baadhi yao walipewa miligramu 3000 za omega 3 kila siku na wengine mafuta ya mizeituni. Waliopewa omega 3 hawakupata nafuu kubwa kuliko wenzao. Samaki wa Kasenga aliwe kwa sababu ni chakula kizuri, na fedha za vidonge zibaki mfukoni.

Zimebaki mashine, na hizi nazitaja kwa sababu wenye uwezo hapa mjini huenda kutibiwa Afrika Kusini au India na hurudi wakizisimulia. Moja, inayoitwa LipiFlow, iliruhusiwa Marekani mwaka 2011. Hupasha kope kwa ndani huku ikizibonyeza kwa nje, kwa dakika 12, nayo hugharimu mamia ya dola. Kwa maneno mengine, ni kukanda kunakofanywa na mashine, kwa joto lisilopanda wala kushuka, na faida yake huweza kudumu kwa miezi. Nyingine hupiga mimweko ya mwanga mkali kwenye ngozi iliyo chini ya macho, kwa vipindi kadhaa. Hapa msomaji wetu awe mwangalifu hasa. Ngozi nyeusi hunyonya mwanga huo zaidi, ikaweza kuungua au kubaki na madoa, na kwa sababu hiyo mashine nyingi za namna hii hazipendekezwi kwa watu wenye ngozi nyeusi sana. Anayeshauriwa kuilipia aulize waziwazi, kabla ya kutoa hata franka moja, kama mashine hiyo inafaa kwa ngozi yake. Kati ya hizo mbili, kwa wengi wetu, ya joto ndiyo ya kufikiriwa, na hata hiyo haimwondolei mtu kitambaa chake cha nyumbani.

Yaya aliacha vidonge vyake vya zamani, sasa anatia matone yasiyo na dawa ya kuhifadhi mara 4 kwa siku, na amehamisha meza yake ili upepo umpige mgongoni. Mimi naendelea na beseni. Wakati wa kusoma nimejizoeza kufumba macho kabisa, kope kugusana na kope, kila nifikapo mwisho wa ukurasa, kwa sababu anayekaza macho kwenye karatasi au simu hupepesa mara chache na kwa nusu, na tezi husukuma mafuta nje pale kope zinapokutana.

Kitambaa na chupa viwekwe kando, na hospitali ikimbiliwe siku hiyohiyo, ikiwa jicho linauma kwa ndani, haliwezi kuvumilia mwanga, limepungua uwezo wa kuona, au lina doa jeupe juu ya kioo chake. Mtoto anayejikwaa jioni kwa kutoona gizani, na ambaye macho yake yamekauka na kupoteza mng'ao, huenda amepungukiwa na vitamini A, nayo ni dharura. Na mtu mzima wa makamo ambaye uvimbe wa kope hurudi mahali palepale kila unapotibiwa, au ambaye nywele za kope zinadondoka katika sehemu hiyo, aombe kipande kikatwe na kupimwa, kwa maana saratani ya tezi hizi huweza kujificha kwa muda mrefu katika sura ya chokea ya kawaida.